Mgeni Akibisha Hodi, Sauti Hushuka



Ni saa mbili na nusu usiku katika ploti moja mtaani Kayole. Baba ameingia amechoka, baada ya kusimama kwenye msongamano wa barabara ya Jogoo. Mama naye amebeba mitungi ya maji tangu alasiri. Tokeni za stima zimeisha, na mshumaa unawaka mezani.

"Pesa ya stima nilikuachia. Ilienda wapi?"

"Na wewe, mshahara wa mwisho wa mwezi ulienda wapi?"

Sauti zinapanda. Nyuma ya pazia, watoto wanajifunika blanketi hadi kichwani. Ghafla, "Hodi!" Ni jirani wa jumuiya, anauliza sala ya Alhamisi itafanyika kwa nani. "Karibu, mama! Habari za jioni?" baba anaitika kwa sauti tamu. Mama anatabasamu na kupangusa kiti. Jirani akiisha kuaga, ugomvi unaendelea pale ulipoachwa.

Je, kisa hiki hamkifahamu?

Kiasi tunacho

Mara nyingi tunajitetea: "Mimi nimeumbwa hivyo, hasira yangu ni ya karibu." Lakini hodi ya jirani imetuumbua. Tuliweza kushusha sauti mara moja! Kiwandani, msimamizi akitukaripia tunajibu, "Ndiyo, mkubwa." Sokoni, mteja msumbufu tunamchekea. Kiasi tunacho, ila tunakitumia chote nje, na wa nyumbani tunawaletea makombo. Mtume Paulo anataja upole na kiasi kati ya matunda ya Roho (taz. Gal 5:22-23). Tunda halifai kuliwa na wapita njia huku wenye shamba wakilala njaa.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alikuwa mwepesi wa hasira kwa maumbile yake. Alijizoeza kwa miaka mingi hata akasifika kwa upole. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 kwa ajili ya watu wanaoishi katikati ya shughuli za dunia, anashauri hivi: zima hasira ingali changa, ukiteleza, fanya upesi tendo la upole kwa yuleyule uliyemkosea, tena usijikasirikie mwenyewe kwa kuanguka, bali inuka kwa utulivu.

Tuanzie wapi?

Kwanza, simama kidogo mlangoni. Kabla ya kuingia, fanya ishara ya msalaba na kusali Salamu Maria moja. Anayekungoja ndani ni mgeni wako wa kwanza.

Pili, tengeni siku ya kuzungumzia kodi, karo na madeni, mkiwa mmekula na kupumzika. Tumbo tupu ni mshauri mbaya.

Tatu, msilale na kinyongo (taz. Ef 4:26). Na kama watoto walisikia ugomvi, basi wasikie pia msamaha. Wasiposikia, watajifunza nusu ya somo tu.

Upole si kuvumilia kipigo

Tusikosee hapa. Kumwambia mwenzi anayepigwa au kutishwa kwamba "awe mpole" ni kumwongezea mzigo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haihusu kipigo peke yake. Inahusu pia matusi na kumnyanyasa mtu kimawazo. Anayeumizwa atafute usalama kwanza: kwa jamaa anayeaminika, kwa padre, au kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Anayepaswa kujifunza upole ni yule anayeinua mkono.

Maswali ya kujadiliana wawili

1. Ni saa gani ya siku tunapokoseana zaidi? Kwa nini?
2. Ni neno gani langu linalokuumiza, ambalo sithubutu kumwambia jirani?
3. Mara ya mwisho watoto wetu walitusikia tukiombana msamaha ni lini?

Azimio la juma hili: Kila sauti inapotaka kupanda, jiulize, "Kama mtu angebisha hodi sasa, ningesemaje?" Kisha sema hivyo hivyo. Kristo yumo nyumbani mwenu tayari, wala hakuhitaji kubisha.