Kusilimu na Fungu la Binti

Makhoja wengi wa Mombasa na Unguja asili yao ni Mabaniani wa Kilohana, wa Sindi na Gujarat. Kwa mapokezi yao, aliyewaingiza katika Uismaili ni Pir Sadruddin, naye ndiye aliyewapa jina la «khwaja», yaani bwana.

Imani iligeuka, lakini mali ilibaki katika ada ya kale: mwana mume hurithi, binti hulishwa na kuozwa tu. Mwaka 1847, mabinti wa Kikhoja walidai huko Bombay fungu lao la Qur'ani. Jaji Erskine Perry, Mwingereza, akahukumu kuwa ada ndiyo itakayofuatwa. Wakashindwa.

Asiseme mtu, «Hayo ni ya Maismaili.» Hukumu hiyo hiyo iliwakumba Mamemoni, nao ni Masunni! Hata ilipotoka sheria ya India ya 1937 ya kurejesha mirathi ya Kiislamu, mashamba yaliachwa nje.

Na huku Likoni je? Hatukupata kuwa Mabaniani, ila twasikia, «Dada ana mumewe, minazi ya nini?» Ndugu yangu, kuolewa hakumtoi binti katika aya ya 11 ya Suratun-Nisaa. Akifa baba asiye na mke wala wazazi, akaacha mwana mume mmoja na mabinti wawili, hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kinachosalia hugawanywa mafungu manne: mawili ya mwana mume, na kila binti moja, minazi na nyumba zimo.