Kuchagua Programu ya Kubana Filamu za Katuni kwa Matumizi ya Darasani

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hufundishwa tangu chuoni kutengeneza zana zake mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana: vijiti, vifuniko vya chupa, udongo wa mfinyanzi na mabango. Siku hizi orodha hiyo imeongezeka. Mfululizo wa katuni uitwao Ubongo Kids, unaotengenezwa Dar es Salaam, ulianza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2014, na ulidhihirisha kuwa hesabu na sayansi zaweza kufundishwa kwa Kiswahili kwa njia ya picha zinazotembea. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Aidha, programu ya kuchorea katuni iitwayo Blender ni programu huria tangu mwaka 2002, na hailipiwi. Basi mwalimu mwenye kompyuta moja aweza kutengeneza filamu fupi ya somo lake.

Tatizo hutokea baada ya kuchora. Filamu isiyobanwa ni kubwa mno kwa simu na vishikwambi. Iliyobanwa ovyo hupoteza lile ambalo mwalimu alikusudia lionekane. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua programu ya kubania.

Shabaha

Baada ya kusoma makala haya, mwalimu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza ni nini hupotea filamu inapobanwa;
(b) kuchagua programu inayofaa kwa kazi yake;
(c) kukagua filamu kabla ya kuingia nayo darasani.

Mfano wa somo

Tuchukue mfano wa mwalimu anayefanya mazoezi ya kufundisha katika kata ya Kansay, wilayani Karatu. Somo lake ni mmomonyoko wa udongo, jambo ambalo watoto wa nyanda hizo za miteremko hawahitaji kuambiwa kuwa lipo. Wanahitaji kuona jinsi linavyotokea. Mwalimu anachora mteremko mmoja mara mbili. Kushoto, mvua inanyesha juu ya shamba tupu, na chembe za udongo zinachukuliwa na maji. Kulia, mvua ile ile inanyesha juu ya shamba lenye matuta ya kontua, na chembe zinakwama. Filamu ni ya dakika moja. Wengi wa wanafunzi huzungumza Kiiraqw nyumbani, hivyo yale ambayo maneno ya Kiswahili hayatafikisha mara moja, picha haina budi kuyafikisha.

Ukubwa wa kazi

Filamu hiyo ina picha 24 kwa kila sekunde, yaani picha 1,440 kwa dakika. Kila picha ina nukta 1,280 kwa 720, na kila nukta huhitaji baiti 3. Ukizidisha utapata karibu baiti bilioni 4, yaani gigabaiti 4, kwa dakika moja tu. Tukiibana kwa kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde, tutapata megabiti 120. Tukigawa kwa 8, tutapata megabaiti 15. Filamu imepungua zaidi ya mara 250. Hapana budi mwalimu ajiulize: kilichoondolewa ni nini?

Jinsi ubanaji unavyofanyika

Mwalimu anayechora ubaoni hafuti ubao mzima ili kubadili mstari mmoja. Hufuta sehemu inayobadilika na kuacha nyingine. Programu ya kubania hufanya vivyo hivyo. Huhifadhi picha kamili mara chache, na katikati huhifadhi mabadiliko peke yake. Anga lisilobadilika na kilima kisichosogea havigharimu chochote cha maana. Kinachogharimu ni vitu vingi vidogo vinavyokwenda kila upande kwa wakati mmoja.

Sasa tazama filamu yetu. Vitu vidogo vinavyokwenda ni matone ya mvua na chembe za udongo, yaani somo lenyewe. Nafasi ikiwa haba, programu huanza kuvifuta hivyo. Kilima kitabaki kizuri, lakini chembe zitageuka ukungu wa kahawia, na mtoto hatatambua tofauti kati ya shamba la kushoto na la kulia.

Rangi nazo hupunguzwa. Katika ubanaji wa kawaida, mwanga huhifadhiwa kwa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila nukta nne. Kwa sababu hiyo maandishi mekundu juu ya kijani huwa na kingo zisizo wazi, ilhali meupe juu ya rangi nzito husomeka vema.

Tena, ubanaji huu hufanana na ufupisho wa habari: kilichoachwa hakirudi. Anayefupisha ufupisho hupoteza zaidi. Hivyo filamu ibanwe mara moja tu, kutoka kwenye picha za asili.

Programu zenyewe

Blender yaweza kutoa filamu iliyokwisha kubanwa. Ni njia fupi, lakini umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, faili yote yaweza kuharibika. Yafaa kuiagiza itoe picha moja moja za aina ya PNG, ambazo hazipotezi kitu. Umeme ukirudi, kazi huendelea kutoka picha iliyofuata.

HandBrake ina vitufe na madirisha yanayoeleweka upesi, nayo hutolewa bure. Hata hivyo, hupokea filamu iliyokamilika. Haipokei mfululizo wa picha moja moja.

FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000, pia ni ya bure. Haina vitufe, huamrishwa kwa maandishi. Lakini hupokea picha za PNG moja kwa moja, na haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta.

Zipo pia tovuti za kubania. Hizo hudai faili ipelekwe kwanza, jambo linalomaliza bando, na nyingi humwamulia mtumiaji kiwango cha ubora.

Yafaa ikumbukwe kwamba Blender, HandBrake na FFmpeg zote zaweza kutumia kibanio kimoja kiitwacho x264. Kwa hiyo swali la kuuliza si "ipi hubana vizuri zaidi?" bali ni "ipi inapokea kazi yangu ilivyo, na kuniachia mimi uamuzi wa kitakachopotea?" Kwa mfululizo wa picha moja moja, jibu ni FFmpeg. Kwa filamu iliyokwisha kamilika, HandBrake yatosha.

Agizo la FFmpeg kwa mfano wetu ni hili:

ffmpeg -framerate 24 -i mvua_%04d.png -i sauti.wav -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k somo.mp4

Mambo mawili katika agizo hili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni namba inayofuata crf, ambayo ndiyo namba ya ubora. Ikiachwa huwa 23. Namba ndogo huleta picha bora na faili kubwa. Kila inapopunguzwa kwa 6, ukubwa wa faili hukaribia kuongezeka maradufu. Chembe zikionekana kama ukungu, jaribu 18. La pili ni maneno pix_fmt yuv420p. Yakisahauliwa, FFmpeg huhifadhi rangi zote za picha za PNG, na matokeo yake filamu huchezwa vema kwenye kompyuta ya mtengenezaji lakini hukataa kwenye simu na vishikwambi vingi.

Uchaguzi wa mtindo wa kubana

Mtindo wa H.264 uliidhinishwa mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Mipya hutoa faili ndogo zaidi kwa ubora ule ule, lakini huchukua muda mrefu kubana, na vifaa vya zamani hushindwa kuicheza. Shuleni, faili ya megabaiti 15 inayochezwa na kila kifaa ni bora kuliko ya megabaiti 8 inayochezwa na kimoja. Tumia H.264.

Ukaguzi

1. Cheza filamu kwenye kifaa kitakachotumika darasani, wala si kwenye kompyuta yako.
2. Simama atakapoketi mwanafunzi wa mwisho, ukajaribu kusoma maandishi.
3. Mwombe mtoto mmoja aeleze chembe za udongo zinakwenda wapi kila upande. Akishindwa, punguza namba ya ubora au kuza chembe katika mchoro.
4. Ukimpelekea mwenzako kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa maana ikitumwa kama video hubanwa upya.
5. Hifadhi picha za asili mpaka ukaguzi wote ukamilike.

Hitimisho

Filamu haiwi zana nzuri kwa kuwa ndogo, wala kwa kuwa nzuri machoni pa aliyeitengeneza. Mwalimu aanze kwa kujua ni sehemu ipi ya picha inayobeba somo, kisha achague programu itakayomruhusu kuilinda sehemu hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Filamu ya dakika 3 imebanwa kwa megabiti 2 kwa sekunde. Bila kuhesabu sauti, ina megabaiti ngapi?
2. Kati ya katuni ya mvua na katuni ya herufi zinazotokea moja moja ubaoni, ipi itahitaji nafasi kubwa zaidi? Eleza sababu.
3. Chagua mada moja ya Sayansi ya Darasa la Nne. Taja kitu kimoja ambacho hakipaswi kupotea filamu yake ikibanwa.