Njia ya Baiskeli Isiishie Mpakani

Tunapozungumzia afya ya familia hutaja maji safi, chakula bora na chanjo. Barabara tunaisahau. Lakini mtoto aliyepata chanjo zote na kushiba vizuri anaweza kugongwa na gari asubuhi moja akienda shule. Katika somo hili tutaona jinsi wazazi wa Uholanzi walivyodai njia salama za baiskeli, na kwa nini njia hizo hazina budi kuunganisha mji na mji.

Faida kwa mwili

Baiskeli huimarisha moyo na mapafu, na hupunguza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma. Anayeendesha dakika 15 kwenda kazini na 15 kurudi, siku 5, ametimiza kipimo hicho. Lakini nani atampa mwanawe baiskeli ikiwa lazima apite katikati ya malori?

Wazazi waliokataa kunyamaza

Wengi hudhani kwamba Uholanzi ilikuwa na njia nzuri tangu zamani. Sivyo. Baada ya vita kuu ya pili magari yaliongezeka, na waendesha baiskeli wakasukumwa pembeni. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Mwaka 1972 mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake katika ajali, aliandika katika gazeti la De Tijd makala yenye kichwa kinachomaanisha "Komesheni mauaji ya watoto". Wazazi wakaungana kwa jina hilo. Walikusanyika mahali penye ajali nyingi, wakafunga mitaa ili watoto wacheze, wakawaendea viongozi. Mwaka 1975 waendesha baiskeli nao waliunda chama chao.

Serikali ilisaidia kujenga njia za majaribio katika miji ya Tilburg na The Hague. Hapo likapatikana fundisho: njia moja nzuri peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1980 mji wa Delft uliunganisha njia zake zote, na watu wakazidi kutumia baiskeli. Leo Uholanzi ina zaidi ya kilometa 30,000 za njia hizo. Mwaka 2023 waliokufa barabarani walikuwa 684, ingawa magari ni mengi kuliko zamani. Mikanda ya usalama na sheria dhidi ya ulevi zimechangia pia.

Kuvuka mpaka

Ajali haijui mpaka wa halmashauri. Njia ikikatika pale mji mmoja unapoishia, mwendeshaji hutupwa ghafla kati ya magari. Denmark walilitambua hilo. Mwaka 2012 Copenhagen na halmashauri za jirani zilifungua njia ndefu ya baiskeli hadi Albertslund. Zilikubaliana ili mwendeshaji asikute njia nzuri upande mmoja na mbovu upande wa pili.

Tunaweza kufanya nini?

1. Tembeeni njia wanazopita watoto. Andikeni penye mashimo, giza, kona mbaya na mahali njia inapokatika.
2. Waulizeni walimu na wahudumu wa zahanati ni wapi watu huumia mara kwa mara.
3. Tafuteni wazazi wa upande wa pili wa mpaka. Andikeni barua moja, na kila upande uipeleke kwa diwani wake.
4. Ombeni jambo moja lililo wazi, kwa mfano kuunganisha kipande kilichokatika karibu na shule.
5. Rudini kuuliza. Barua isiyofuatiliwa hulala kabatini.

Maswali ya kujadiliana

Mtoto wako hupita wapi kwenda shule? Ni mahali gani panakutia hofu? Nani wa mtaa wa jirani ana hofu hiyohiyo?