Wembamba wa Asili kwa Vijana: Ulaji na Mjongeo Vina Nafasi Gani?

Utangulizi

Katika familia nyingi yumo kijana anayeonekana kula kila akitakacho bila kunenepa. Sahani yake ya wali hujazwa kama za wenzake, pengine huongezewa, na bado suruali aliyoinunua miaka mitatu iliyopita humtosha. Wanaomzunguka humweleza kwa njia mbili. Wapo wasemao kuwa ana bahati, kwa maana chakula hakimkai mwilini. Na wapo wanaoshuku kuwa ana maradhi asiyoyataja. Maelezo hayo mawili yana madhara yake. Kijana wa kwanza huachwa ale na kunywa chochote kwa kuwa hanenepi. Wa pili hutafutiwa vidonge vya kunenepesha.

Makala haya yanaeleza yaliyobainika kitaalamu kuhusu ulaji na mjongeo wa watu wembamba wa asili, na yanajenga hoja moja: umbo la mwili halitoshi kuwa ushahidi wa tabia za mtu, wala wa afya yake. Kila moja kati ya mambo hayo matatu hupimwa kwa kipimo chake.

Wembamba wa asili ni upi?

Kipimo kinachotumika zaidi kwa watu wazima ni uwiano wa uzito na urefu. Hupatikana kwa kuchukua uzito kwa kilo na kuugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kijana mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 52 ana uwiano wa 18.0. Shirika la Afya Duniani huuhesabu uwiano ulio chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu kwa mtu mzima. Kwa watoto na vijana waliobalehe ambao bado wanakua, kiwango hicho hakitumiki. Wao hupimwa kwa chati za ukuaji zinazozingatia umri na jinsi.

Hata hivyo, namba hiyo peke yake haitofautishi mwenye afya na mgonjwa. Mwembamba wa asili ana sifa nne za ziada: uzito wake haubadilikibadiliki kwa miaka mingi, hajinyimi chakula kwa makusudi, hana dalili za ugonjwa, na aghalabu ana ndugu au wazazi wenye umbo kama lake. Mtu aliyekuwa na kilo 60 mwaka jana na leo ana kilo 52 bila kukusudia hamo katika kundi hili, hata kama uwiano wake unalingana kabisa na wa jirani yake aliyezaliwa mwembamba.

Kwa nini kuuliza hakutoshi

Njia rahisi ya kujua mtu anakula nini ni kumwuliza. Tatizo ni kwamba binadamu hukumbuka vibaya mambo ya chakula na mazoezi. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichunguza watu wanene walioamini kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo. Vipimo vilionyesha kuwa kiasi walichokula kilizidi kile walichokitaja: maelezo yao yalipungukiwa na ukweli kwa wastani wa asilimia 47. Mjongeo wao, kwa upande mwingine, waliutaja kwa kuuzidisha kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, walikadiria tu, kama sisi sote tunavyokadiria.

Kosa la namna hiyo huweza kutokea pia tunapomtazama mtu mwembamba. Tunauona mlo mmoja mkubwa wa sherehe. Hatuioni asubuhi iliyofuata alipokunywa chai kavu kwa kuwa hakuwa na njaa. Kinachoamua uzito ni jumla ya chakula na matumizi ya nishati kwa majuma na miezi, wala si sahani moja.

Ndiyo maana wataalamu hutumia maji maalumu ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko za kawaida, hivyo zinaweza kufuatiliwa mwilini. Mshiriki huyanywa, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Haidrojeni ile hutoka mwilini ikiwa maji tu, ilhali oksijeni hutoka ikiwa maji na pia ikiwa hewa ya kaboni dioksidi anayoipumua. Tofauti ya kasi ya kutoka kwake huonyesha kiasi cha kaboni dioksidi kilichotengenezwa, na hicho huonyesha nishati iliyotumika. Kwa mtu ambaye uzito wake haubadiliki, nishati aliyotumia hukaribiana na aliyoila.

Walikula kiasi gani, walijongea kiasi gani?

Mwaka 2022 watafiti kutoka China na Chuo Kikuu cha Aberdeen, akiwamo Profesa John Speakman, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wembamba wenye afya nchini China. Walilinganisha watu 150 wenye uwiano ulio chini ya 18.5 na watu 173 wenye uwiano wa kawaida. Waliwaondoa kwanza wenye matatizo ya kisaikolojia ya ulaji, waliojinyima chakula kwa makusudi, wenye maambukizi ya VVU, waliopungua uzito katika miezi sita iliyotangulia kwa namna iliyoashiria ugonjwa, na waliokuwa wakitumia dawa. Kila mshiriki alifuatiliwa kwa majuma mawili.

Wengi wangetarajia kuwakuta wembamba hao wakila sana na kukimbiakimbia kutwa. Haikuwa hivyo. Walikula pungufu kwa asilimia 12 kuliko kundi la pili, na walijongea pungufu kwa asilimia 23. Kati ya 150, ni wanne tu waliosema kuwa wanafanya mazoezi kwa kujisukuma sana. Jambo lililowatofautisha lilikuwa nishati inayotumika mwili ukiwa umetulia, yaani ile inayoendesha moyo, mapafu, ubongo na ini hata mtu akiwa amelala. Nishati hiyo ilikuwa juu kuliko ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa wao, na iliambatana na utendaji wa juu zaidi wa homoni za tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni.

Jambo la pili lahitaji kusomwa kwa uangalifu. Pamoja na kujongea kidogo, washiriki wale wembamba walikuwa na viwango vizuri vya shinikizo la damu na lehemu. Matokeo hayo yanatuliza hofu kwamba kila mwembamba ni mgonjwa. Hayaruhusu, hata hivyo, kuhitimisha kwamba mwembamba hahitaji mazoezi, kwa sababu majuma mawili hayawezi kueleza hali ya mifupa na misuli ya mtu atakapofikia umri wa miaka 60. Aidha, uchunguzi ule haukupima ni vyakula vya aina gani vilivyoliwa. Ulipima jumla ya nishati.

Mijongeo midogo isiyohesabiwa

Je, mjongeo hauna nafasi kabisa? Unayo, lakini mara nyingi si ule tunaouita mazoezi. Mwaka 1999 Dk. James Levine na wenzake katika Mayo Clinic ya Marekani waliwapa watu 16 wasio wanene, wenye umri wa miaka 25 hadi 36, kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa majuma manane. Wote walipewa ziada ileile, lakini mafuta yaliyoongezeka mwilini yalitofautiana mno: kutoka kilo 0.36 kwa mmoja hadi kilo 4.23 kwa mwingine. Walioongezeka kidogo ndio ambao miili yao, bila wao kupanga, iliongeza mijongeo midogo ya kila siku: kusimama, kutembeatembea chumbani, kubadili mkao, kuchezesha miguu.

Mwaka 2005 watafiti hao waliwalinganisha watu kumi wembamba na kumi wenye unene wa wastani, wote wakiwa na maisha ya kukaa sana. Wanene walikaa kwenye viti takriban saa mbili zaidi kwa siku. Walipopunguziwa uzito, na wembamba walipoongezewa, kiasi cha kukaa na kusimama cha kila kundi hakikubadilika. Yaelekea, basi, kwamba mwelekeo wa kukaa au kusimama ni sehemu ya maumbile ya mtu, si matokeo ya uzito wake tu.

Msomaji ataona kwamba matokeo ya 2005 na yale ya 2022 yanaelekea pande tofauti: hapa wembamba wanasimama zaidi, kule wanajongea kidogo. Makundi yaliyolinganishwa hayakuwa sawa, kwani mmoja alilinganisha wembamba na wanene, mwingine alilinganisha wembamba sana na wenye uzito wa kawaida. Lakini lipo pia funzo pana zaidi: njia za kubaki mwembamba ni zaidi ya moja. Mmoja husaidiwa na mwili unaotumia nishati nyingi akiwa ametulia, mwingine na miguu isiyotulia, mwingine na hamu ndogo ya kula. Kwa kumtazama tu hatuwezi kujua ni ipi.

Nafasi ya urithi

Nchini Canada, mwaka 1990, Claude Bouchard na wenzake walichapisha matokeo ya jozi 12 za mapacha wa kiume wanaofanana, wenye umri wa wastani wa miaka 21. Walilishwa kilokalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa juma, kwa siku 84 kati ya 100. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, lakini mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine kilo 13.3. Pacha na pacha wake walikaribiana sana, ilhali jozi na jozi zilitofautiana. Huko Cambridge, Uingereza, timu ya Profesa Sadaf Farooqi iliwakusanya watu wembamba wenye afya na kuripoti mwaka 2019 kwamba takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa na historia ya wembamba katika familia zao. Timu hiyo ilibaini pia kuwa vinasaba vina mchango katika wembamba kama vilivyo na mchango katika unene.

Kwa hiyo, kumsifu mwembamba kwa kujizuia na kumlaumu mnene kwa ulafi ni kuhukumu kwa ushahidi usiotosha.

Hatari mbili za kupotoka

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba asiyenenepa hadhuriki. Chupa moja ya soda ya mililita 330 huwa na sukari ya takriban gramu 35. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na gramu 50 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Meno huoza bila kujali umbo la mtu. Chumvi hupandisha shinikizo la damu la mwembamba pia. Na kisukari cha aina ya pili huwapata watu wembamba. Anayeishi kwa chipsi na soda anaweza kupata nishati ya kutosha na bado akakosa madini ya chuma, hali inayoweza kusababisha upungufu wa damu, hasa kwa wasichana.

Hatari ya pili ni kumgeuza mwembamba kuwa mgonjwa. Katika eneo letu shaka hiyo ina mizizi mirefu. Nchini Uganda, katika miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa "Slim" kwa sababu ya jinsi ulivyokondesha. Tangu hapo vijana wengi wenye afya njema wameulizwa maswali ya kuwaumiza, na baadhi yao wamekimbilia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa hivyo ni deksamethasoni na siproheptadini. Deksamethasoni ni dawa yenye manufaa makubwa inapotumiwa kwa uangalizi. Ikitumiwa kiholela hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea kwaweza kuhatarisha maisha. Siproheptadini huleta usingizi mzito na huongeza hamu ya kula kwa muda tu.

Ushauri kwa vijana na wazazi

Mwembamba wa asili mwenye afya hahitaji kutibiwa. Anahitaji tabia njema zilezile za kila mtu: gramu 400 au zaidi za matunda na mboga kwa siku, jamii ya kunde, samaki au dagaa, na maji badala ya soda. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mjongeo wa wastani kwa juma, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi; aliye na umri wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mazoezi ya nguvu yana umuhimu wa pekee kwa mwembamba, kwani ujana ndio wakati wa kujenga mifupa.

Anayetaka kuongeza uzito aanzie jikoni: uji uliotiwa karanga zilizosagwa, maziwa, mayai, parachichi, na mlo mdogo wa ziada kati ya milo mikuu. Msichana mwenye uzito pungufu anayetarajia kupata ujauzito apate ushauri mapema, kwa kuwa hali hiyo huongeza uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Afike kituo cha afya bila kuchelewa mtu yeyote, awe mnene au mwembamba, anayeona mojawapo ya dalili hizi:

- kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia;
- kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa za mara kwa mara au jasho jingi usiku;
- kiu kali na kukojoa mara nyingi;
- moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kutovumilia joto;
- kuharisha kusikokoma;
- hedhi kukatika bila ujauzito;
- hofu ya kunenepa inayomfanya ajinyime chakula au ajitapishe.

Hitimisho

Wembamba wa asili si tuzo ya nidhamu wala si dalili ya ugonjwa. Ni umbo ambalo miili ya baadhi ya watu huelekea kulidumisha, kwa njia zinazotofautiana baina ya mtu na mtu. Mzazi mwenye kijana wa namna hii na aandike uzito wake mara moja kila baada ya miezi michache, kwa mizani ileile. Namba isiyoshuka, pamoja na kijana mchangamfu asiye na dalili zilizotajwa, ni sababu ya kutosha ya kuacha kumwuliza kwa nini hanenepi, na kuanza kumwuliza amekula nini leo na amecheza wapi.