SOMO: KUKATA MSTARI WA MAANDISHI KUWA ORODHA



Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za michango kwenye kompyuta. Mara nyingi kijana mmoja anaandika, sisi wengine tunaangalia tu. Lakini pesa ni za wote, kwa hivyo inafaa wote tuelewe mashine inafanya nini.

1. Mstari na orodha

Tuseme kila mchango umeandikwa hivi:

M12,Machi,1500

Yaani mwanachama namba 12, mwezi wa Machi, shilingi 1500. Sisi tunaona mambo matatu. Kompyuta inaona mfululizo mmoja tu wa herufi. Haijui pesa ni ipi. Lazima mstari ukatwe, kama muwa unavyokatwa pingili.

2. Jinsi ya kukata

Tutumie Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Amri ya kukata ni split:

mstari = "M12,Machi,1500"
orodha = mstari.split(",")

Maana yake: kata kila mahali penye alama ya mkato. Mkato wenyewe unatupwa, tunabaki na orodha:

['M12', 'Machi', '1500']

Python huanza kuhesabu na sufuri. Kwa hivyo namba ya mwanachama ni orodha[0], mwezi ni orodha[1], pesa ni orodha[2].

Tena, '1500' hapo bado ni maandishi. Ukijumlisha '1500' na '500' utapata '1500500'! Kwanza ugeuze kila moja kuwa namba: int(orodha[2]).

3. Hatari iko wapi?

Mwandishi akiandika M12,Machi,1,500 kama tulivyozoea, Python itakata pia katikati ya pesa:

['M12', 'Machi', '1', '500']

Sasa orodha[2] ni '1'. Mama aliyeuza kuku wake ili alete 1,500 ameandikiwa shilingi moja. Kompyuta hailalamiki, inafuata amri tu. Siku ya kugawana, mama atasema ameibiwa, mweka hazina ataitwa mwizi, na kumbe hakuna aliyeiba.

4. Tujikinge namna gani?

(a) Pesa ziandikwe bila mkato: 1500.
(b) Vipande vihesabiwe kwa len(orodha). Jibu liwe 3. Likiwa 4, simameni mrekebishe mstari huo kwanza.
(c) Daftari la mkono lisitupwe. Kila mkutano, jumla ya kompyuta ilinganishwe na daftari, tena isomwe kwa sauti mbele ya wanachama.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mstari "M7,Aprili,2,000" utatoa vipande vingapi? Mwanachama ataandikiwa pesa ngapi?
2. Katika kikundi chetu, nani anakagua kazi ya anayeandika?
3. Asiyejua kusoma atahakikisha vipi kwamba mchango wake umeingia sawasawa?

Hesabu iliyo wazi hulinda upendo. Tusomeshane.