Kupima Kujiamini kwa Mwanachuo katika Kuandika Programu Salama

Mwanachuo akiulizwa, "Je, waweza kuandika programu ya kompyuta iliyo salama?" aghalabu hujibu, "Ndiyo, Mwalimu." Jibu hilo halitufai. Limetolewa kwa adabu tu, wala halisemi ni jambo gani hasa aliwezalo. Hata hivyo, mwanachuo huyo huyo akipangiwa shule ya kijijini Ruangwa, yamkini mwalimu mkuu atamwomba atengeneze programu ndogo ya kutunza alama za wanafunzi na namba za simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo, bali programu mbovu itamfunulia yeyote.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika juu ya kujiamini kwa namna hii tangu mwaka 1977, alishauri kwamba swali lihusu kazi moja iliyo wazi, na liulize "naweza", si "nitafanya". Maana nia na uwezo ni vitu viwili. Jibu hutolewa kwa namba, toka 0 hadi 100.

Tuchukue mfano wa korosho. Wanachuo waandike programu inayopokea uzito wa korosho za mkulima katika chama cha msingi na kukokotoa malipo yake. Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike namba mbele ya sentensi hii: "Naweza kuifanya programu ikatae uzito usiowezekana." Badala ya jina, atumie alama ya siri aliyoichagua mwenyewe. Programu zikiisha, wabadilishane, na kila mmoja ajaribu kuiharibu ya mwenzake: aingize kilo -50, aingize herufi, aache nafasi tupu. Programu inayopokea -50 itamdai mkulima badala ya kumlipa! Kisha wajibu tena sentensi ile ile.

Hapa ndipo wakufunzi wengi hukosea. Hudhani kuwa somo limefaulu namba zikipanda. Lakini aliyeandika 90, programu yake ikashindwa, akaandika 50 baadaye, amejifunza. Wa kutushughulisha ni yule ambaye programu yake imeshindwa naye angali na 90. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa watu waliosaidiwa na akili mnemba waliandika programu zenye kasoro zaidi za usalama, huku wakiziamini zaidi. Yuko pia aliyeandika 30, na programu yake ikastahimili kila jaribio. Huyu, ambaye mara nyingi hukaa kimya nyuma ya darasa, aombwe kuwaonyesha wenzake alivyofanya.

Namba hizi zisiingizwe kamwe katika alama za mtihani, kwani kila mtu ataandika 100.

Penye kompyuta moja, au umeme ukikatika, zoezi laweza kufanyika kwa karatasi: mmoja asome programu mstari kwa mstari kama kompyuta, mwenzake amtajie uzito.