Maneno ya "Siri" Chini ya Barua Pepe: Yana Nguvu Gani Kisheria?



Katika barua pepe zinazopita baina ya vyama siku hizi, hapana jambo lililoenea kama lile fungu la maneno liwekwalo chini ya kila barua: kwamba yaliyomo ni siri, na kwamba aliyefikiwa nayo kwa makosa asiyatumie, bali ayafute. Aghlabu maneno hayo huwa ya Kiingereza, nayo hukaa chini ya barua ya Kiswahili yenye mistari miwili ya kuulizia viti vya mkutano. Je, mbele ya sheria yana uzito gani?

Tuchukue mfano. Katibu wa chama cha kuweka na kukopa, hapa Kikwajuni, ataka kumpelekea mkaguzi daftari la mikopo. Anakosea herufi moja ya anwani, na daftari zima, pamoja na majina, madeni na wadhamini, linamfikia mfanyabiashara wa Darajani asiyehusika na chama. Je, onyo lile lamfunga?

Kwa upande wa mkataba, halimfungi. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, yataka pande mbili zikubaliane. Mtu hawezi kumwandikia mwenzake sharti, kisha akakihesabu kimya chake kuwa ni ridhaa. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1862 katika kesi ya Felthouse na Bindley. Ami alimwandikia mwana wa nduguye kwamba asipopata jawabu atamhesabu farasi kuwa ni wake kwa bei aliyoitaja. Kijana hakujibu, na dalali akamuuza farasi yule kwa makosa. Ami alishitaki akashindwa, ingawa kijana mwenyewe moyoni alikuwa ameridhia.

Hata hivyo, mfanyabiashara wetu hayuko huru kulisoma daftari lile barazani. Mwaka 1968, katika kesi ya Coco na Clark, Jaji Megarry wa Uingereza alieleza mambo matatu: habari iwe kweli ni ya siri, iwe imetolewa katika hali inayomjulisha mpokeaji kuwa ni siri, na iwe imetumiwa bila ya idhini. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini husikilizwa. Basi wajibu wa mpokeaji hutokana na daftari lenyewe, ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu akilitazama hujua kuwa si lake. Onyo husaidia kuthibitisha tu kwamba alijua, na hata hapo msaada wake ni mdogo, kwani hulifikia baada ya kwisha kusoma yote.

Kuna na dhara ambalo wengi hawalioni. Ikiwa ajenda ya mkutano mkuu na daftari la mikopo vyote vimebeba onyo lile lile, hakimu atajuaje kipi chama chenyewe kilikihesabu kuwa siri? Afadhali onyo litiwe kwenye barua chache zinazostahiki, tena juu kabisa, kwa Kiswahili. Wala lisitumiwe kumnyima mwanachama hesabu ambazo ana haki ya kuziona.

Sheria ya Muungano ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano tu, na ushirika si miongoni mwayo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, ndiyo inayohifadhi maisha ya mtu binafsi na mawasiliano yake.

Kinga ya kweli imo katika karatasi zenye saini: mkataba wa ajira wa katibu na karani, na ahadi ya kutunza siri ya kila mjumbe wa kamati. Hawa wamekubali, na hao sheria huwashika. Daftari nalo lifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lipelekwe kwa simu, si kwa barua ile ile.

Kosa likishatokea, katibu asitegemee onyo. Ampigie simu mpokeaji mara moja, amwombe afute, na apate jawabu la maandishi kwamba amefuta. Mwenyekiti aarifiwe, na wanachama waliotajwa daftarini waarifiwe siku hiyo hiyo, maana ndio watakaosikia madeni yao yakitajwa mtaani.